Kilichobaki Ndani ya Maji Yaliyosafishwa

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wavuvi, wenye biashara za ufukweni na wakazi wa mwambao wa Dar es Salaam. Imeandikwa kama ilivyosemwa, isipokuwa salamu zimepunguzwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa soko la samaki la Feri, na nyinyi vijana mlioacha vijiwe mkaja kusikiliza habari za vyoo, nawashukuru.

Mada niliyopewa ni ndefu, nitaitamka mara moja tu: athari za majitaka ya mjini yaliyosafishwa kwa ubora wa maji ya bahari ya mwambao. Ndani yake kuna swali ambalo wenye hoteli huniuliza kila tukikutana: "Mtambo ukijengwa, bahari yetu itakuwa safi?" Nimezoea kuwajibu kwa swali, jambo linalowaudhi: mtambo wa aina gani, bomba litaishia wapi, na nani atapima? Leo nimepewa muda wa kueleza kwa nini najibu hivyo. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu kupima maji. Mkitaka siasa, wenye siasa wapo wengi.

Watu wengi wakisikia majitaka yamesafishwa wanadhani mwisho wa bomba yanatoka maji ya kuchota. Twende kwenye mabwawa ya majitaka ya Vingunguti tuone. Gari la majitaka linafika, linamwaga. Bwawa la kwanza lina kina kirefu, hewa haifiki chini, na humo vijidudu wasiohitaji hewa wanakula uchafu huku wakitoa gesi. Ile harufu mnayoijua mkipita ndiyo wao wako kazini. Tope linatuama. Maji yanahamia bwawa la pili, ambalo ni la kijani kwa sababu ya mwani mdogo sana, na huo mwani unatoa oksijeni mchana kutwa ili bakteria wengine wapate kula kilichobaki. Bwawa la mwisho ni la kukomaza, kina chake mita moja hivi, na fundi mkuu wa pale ni jua. Mwanga unaua vijidudu vya kinyesi. Mwani nao ukivuta kaboni dayoksaidi, maji yanakuwa na alikali nyingi, hali ambayo bakteria wa tumboni hawaivumilii.

Hakuna umeme, hakuna pampu ya kuungua. Mtu asije akawaambia hii ni teknolojia ya kimaskini. Kwa nchi yenye jua kama letu ni teknolojia ya akili. Sharti lake ni moja, muda. Maji yanatakiwa yakae humo siku nyingi. Bwawa likijaa tope, au likiletewa magari kuliko uwezo wake, maji yanapita mbio, na kinachotoka kule mwisho kinakuwa kimezungushwa tu.

Tuseme basi kila kitu kimekwenda sawa, tope limetolewa kwa wakati, mtambo au bwawa linafanya kazi kama lilivyochorwa. Kinabaki nini ndani ya yale maji?

Kipimo ambacho wahandisi hukitaja kwanza ni BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu watakitumia kula uchafu uliomo ndani ya maji kwa muda wa siku tano. Majitaka mabichi ya mjini huwa na miligramu mia mbili, mia tatu kwa lita, na kwetu inaweza kuzidi hapo kwa kuwa maji ya kuvuta choo ni ya kubana. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka isizidi 30. Mtambo unaotunzwa unafika hapo bila taabu. Hori linapata nafuu, maji hayawi meusi, samaki hakosi pumzi. Hiyo ni faida kubwa, kwa hiyo kesho msiniletee maneno kwamba nimesema mitambo haina maana.

Shida inaanza pale tunaposhangilia kipimo kimoja. Nusu glasi ya majitaka mabichi, mililita 100, inaweza kubeba bakteria wa kinyesi milioni 10. Mtambo ukiondoa asilimia 99, magazeti yataandika asilimia 99, na ni kweli. Wamebaki 100,000. Ongeza juhudi ufike asilimia 99.9, wamebaki 10,000. Sasa mgeni aliyekuja kuogelea kwetu kutoka Italia, huko kwao ufukwe wa bahari hauitwi mzuri ikiwa enterokoki, bakteria wa kinyesi wanaopimwa kwenye maji ya chumvi, wanazidi 200 kwa mililita hizo hizo 100. Ili uitwe bora kabisa wasizidi 100. Bakteria ninaowalinganisha hapa si wa aina moja, nakiri, lakini pengo mnaliona. Hapo katikati panahitaji kitu cha ziada: siku nyingi za jua kwenye bwawa la kukomaza, au taa za mwanga wa urujuanimno, au klorini. Klorini nayo si ya kumwaga ovyo, kwa sababu ikifika baharini ikiwa na nguvu zake inaua na mayai ya samaki. Na virusi vya kuharisha ni wagumu kufa kuliko bakteria tunaowahesabu, jambo ambalo ripoti nyingi huliruka.

Lakini kama mngeniambia nichague kitu kimoja cha kuwakosesha usingizi wanaopanga mitambo ya mwambao, ningeacha vijidudu nichague nitrojeni.

Nitrojeni ya majitaka sehemu kubwa inatoka kwenye mkojo. Mkojo ndio wenye kesi, ingawa kinyesi ndicho kinacholaumiwa. Mtambo wa kawaida, ule wa kupuliza hewa, unaibadilisha amonia kuwa naitreti kisha unaiachilia iende zake. Maji yanatoka meupe, hayanuki, BOD imekubali, mkaguzi ametia saini, na sehemu kubwa ya mbolea imo ndani. Kuiondoa kunahitaji hatua nyingine, sehemu isiyo na hewa ambamo bakteria maalumu wanaigeuza naitreti kuwa gesi inayorudi angani. Inawezekana, inagharimu. Huko Ulaya agizo la mwaka 1991 liliitaka mitambo ya miji mikubwa inayomwaga kwenye maji yaliyo hatarini isizidishe miligramu 10 za nitrojeni kwa lita.

Niwape hesabu mwende nayo nyumbani. Maji ya bahari yenye matumbawe, yakiwa mazima, mara nyingi hayana hata miligramu 0.02 za nitrojeni ya aina hii kwa lita. Bahari yetu ni maskini wa mbolea, na matumbawe yameumbwa kuishi kwenye umaskini huo. Mtambo wa kawaida ukitoa maji yenye miligramu 30, lita moja ya maji hayo inahitaji kuchanganyika na lita 1,500 za bahari ndipo nyongeza yake ishuke mpaka hiyo 0.02. Na hapo bado umeiongezea bahari kiasi sawa na kilichokuwemo. Mkondo ukiwa mkali na kina kirefu, lita 1,500 zinapatikana upesi. Kwenye ghuba iliyofungwa hazipatikani.

Hili limeshaonekana mahali. Kisiwa cha Oʻahu huko Hawaii kina ghuba inaitwa Kāneʻohe, maji yake yametulia nyuma ya mwamba wa matumbawe. Kuanzia miaka ya 1950 na 1960 ghuba hiyo ikapokea majitaka ya kambi ya jeshi na ya mji. Tena majitaka yaliyopita mtamboni. Ukazuka mwani wa kijani wenye umbo la malengelenge, ukatambaa juu ya matumbawe mpaka ukayafunika yakafia chini yake. Mwaka 1977 na 1978 mabomba yakahamishwa, majitaka yakapelekwa bahari ya wazi kwenye kina. Maji ya ghuba yakang'aa ndani ya miezi michache, wataalamu wakafurahi. Mwani ule ulipungua, lakini haukuondoka. Ulibaki mahali pengi kwa miaka na miaka, hadi mwaka 2006 zilipokuja wiki mfululizo za mvua na mawingu, ukakosa mwanga, ukaporomoka wenyewe. Karibu miaka thelathini baada ya bomba kufungwa! Wanaosema tutajenga kwanza kisha tutarekebisha baadaye wangepelekwa kule wakapaone.

Karibu na sisi, ng'ambo hapo Unguja, mabomba ya Mji Mkongwe yamekuwa yakimwaga majitaka baharini bila mtambo wowote. Miaka ya 1990 watafiti walipiga mbizi kwenye miamba iliyo karibu na mji na iliyo mbali, wakawa wanaangalia mwani mmoja mgumu, wa rangi ya waridi, unaojiganda kama chokaa. Mvuvi anaukanyaga kila siku bila kuujua. Ndio unaoshikanisha mwamba, na watoto wa matumbawe hupenda kutua juu yake. Walikuta kadiri unavyoukaribia mji ndivyo unavyopungua, na fosfeti ikashukiwa kuwa ndiyo inayouzuia kuganda. Fosfeti, kama nitrojeni, haiondoki kwa kupuliza hewa peke yake.

Sasa bomba liishie wapi. Majitaka, yawe mabichi au yamesafishwa, ni maji yasiyo na chumvi, na kwa hiyo ni mepesi kuliko bahari. Ukiyamwagia ufukweni yanaelea kama mafuta juu ya mchuzi, tabaka jembamba linalokwenda upepo unakolisukuma. Upepo wa mchana unasukumia wapi? Mnajua wenyewe, pwani, kwa watoto wanaoogelea. Ndiyo sababu mabomba mazuri hupelekwa mbali, kwenye kina, na mwisho wake hutobolewa matundu mengi ili maji yatoke kidogo kidogo na kuchanganyika yakiwa njiani kupanda juu.

Mji wa Boston, Marekani, ulijifunza kwa kupelekwa mahakamani. Mwaka 1982 mwanasheria wa mji jirani wa Quincy, William Golden, alikuwa akikimbia ufukweni akagundua anakanyaga kinyesi. Bwana yule hakuandika barua ya malalamiko, alifungua kesi. Kesi ile na nyingine iliyofuata ndizo zilizozaa mtambo mpya wa Deer Island na handaki la kilomita 15 chini ya sakafu ya bahari, ambalo mwisho wake una nguzo 55 za kutolea maji, kwenye kina cha mita 30 hivi. Gharama ya mradi mzima ilikaribia dola bilioni 3.8. Handaki lilifunguliwa tarehe 6 Septemba 2000.

Linalonivutia mimi kwenye habari ya Boston ni ugomvi uliotangulia kufunguliwa. Watu wa Cape Cod, upande wa pili wa ghuba, walipinga: mnasafisha bandari yenu kwa kutuletea sisi uchafu, na nyangumi wetu je? Hoja yao ilikuwa ya haki kabisa. Jibu walilopewa halikuwa "tuaminini". Kabla handaki halijafunguliwa maji ya ghuba yalikuwa yameshapimwa kwa miaka, viwango vikawekwa mapema vya kusema ikifika hapa tunatoa tahadhari, na vipimo vikaendelea kuchukuliwa miaka mingi baada ya hapo huku takwimu zikitolewa hadharani. Amonia bandarini ikashuka sana. Kule ghubani dalili za majitaka zikaonekana karibu na matundu, lakini maafa yaliyohofiwa hayakutokea. Leo mtu wa Cape Cod akibisha, anabishana na takwimu alizonazo mkononi.

Takwimu hupatikanaje? Hapa mtanivumilia, ndiyo kazi yangu. Ukisimama chini ya daraja la Selander, pale Msimbazi unapoingia baharini, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Bahari ikiwa imejaa, unachokiona pale ni maji ya bahari yaliyosukumwa ndani. Ikipwa, unachokiona ni mto, na kila kilichomo mtoni. Nazamisha chupa iliyochemshwa kwa mvuke wa maabara, mdomo ukiangalia mkondo unakotoka, kina cha kiwiko. Inaingia kwenye kisanduku cha barafu, na usipite muda wa saa sita haijafika maabara, maana bakteria hawakusubiri. Maji yanapitishwa kwenye chujio jeupe, chujio linawekwa juu ya sahani yenye chakula cha bakteria, sahani inalala kwenye joto la nyuzi 41 kwa saa 24. Asubuhi yake unafungua: kila enterokoki aliyekuwemo amezaa ukoo wake, kidoa chenye duara la buluu. Unahesabu. Sampuli ya maji kujaa naihesabu nikinywa chai. Ya maji kupwa mara nyingine vidoa vimebanana mpaka vinagusana, sina pa kuanzia, inabidi nirudie kwa maji yaliyozimuliwa.

Mahali ni pale pale, siku ni ile ile. Kwa hiyo mtu akikuletea karatasi kwamba bahari imepimwa ni salama, muulize alipima maji yakiwa yanajaa au yanapwa, bamvua au maji mafu, masika au kiangazi. Kisha muulize alihesabu nini. Kuna wanaoleta E. koli peke yake, bakteria mwingine wa kinyesi, ambaye kwenye chumvi na jua kali anakufa mapema kuliko enterokoki. E. koli hayupo saa saba mchana, bahari imejaa, haina maana kwamba kilichokuja naye hakipo.

Nije kwetu, maana nimezunguka sana. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Waliounganishwa na mtandao wa mabomba ya majitaka ni wachache. Maji ya katikati ya jiji kwa miaka mingi yamekuwa na bomba lake la kwenda baharini Ocean Road, la tangu enzi ya mkoloni, ambalo halikupita bwawani. Sisi wengine tuna mashimo. Shimo likijaa, mwenye uwezo anaita gari, asiye na uwezo anasubiri masika anatapisha choo usiku mvua ikinyesha, na asubuhi Msimbazi umebeba. Sisemi kwa dharau. Nimekulia uswahilini, najua bei ya gari inavyolingana na kodi ya chumba.

Maana yake ni kwamba mtambo mpya, hata uwe wa kisasa namna gani, utasafisha kile kinachoufikia. Mitaa ikibaki na mashimo, bahari ya masika itabaki ya kahawia na vidoa vyangu vitabaki vinagusana, huku mtambo ukiwa na cheti safi. Pesa ya kwanza ningeiweka kwenye kufikisha majitaka mtamboni: mabomba madogo ya mitaani, magari madogo yanayopita vichochoroni, na mahali pa karibu pa kumwaga. Wahandisi ninaofanya nao kazi hawafurahii nikisema hivi. Mtambo una jiwe la msingi na utepe wa kukata, bomba la uchochoroni halina.

Na kuna jambo linanukia siku hizi, la kusema mikoko itatusafishia bure. Mikoko inafanya kazi, sikatai. Hapa hapa Jangwani Beach, miaka ya 2000, yalifanyika majaribio ya vibwawa vya mikoko kunyonya majitaka, wakakuta hata wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanasaidia kwa kuchimba mashimo yanayopitisha hewa kwenye tope. Vizuri. Lakini watafiti waliolinganisha mikoko ya Mikindani kule Mombasa, inayopokea majitaka ya mji, na mikoko isiyopokea, walikuta kaa wameongezeka na tondo, wale konokono wa mikokoni, wametoweka. Kule Maputo ikawa hivyo hivyo. Mwenye macho ya haraka ataona kaa wengi aseme msitu una afya. Mama anayekwenda kuokota tondo ndiye atakayejua kuna kitu kimekwenda. Mikoko ipewe maji yaliyokwisha kupita bwawani, tena kwa kiasi, na wanaookota pale waulizwe kila mwaka wameona nini.

Kwa hiyo mradi wowote utakaokuja mbele yenu kwenye mkutano wa mtaa, na utakuja, msiishie kuuliza ajira ngapi. Ulizeni nitrojeni inatoka miligramu ngapi kwa lita. Ulizeni bomba linaishia kwenye kina gani maji yakiwa yamepwa, siyo yakiwa yamejaa, kwa sababu ramani huchorwa kwa namna inayompendeza mchoraji. Ulizeni bahari imepimwa kwa muda gani kabla ya kujenga, maana bila kipimo cha kabla hakuna atakayeweza kuthibitisha chochote baadaye, wala nyinyi wala wao. Na takwimu zibandikwe mahali watu wanapoogelea na mahali samaki wanaposhushwa, kwa Kiswahili, zikiwa na tarehe na saa ya maji.

Wazee wa Feri mlinilalamikia kwamba tunapima bila kuwaita. Mmesema kweli. Bamvua la mwezi mwandamo tutakuwa Selander maji yakianza kupwa, tutachukua sampuli mpaka yaishe kupwa, na kesho yake sahani zitafunguliwa mbele ya yeyote atakayekuja. Njooni na viatu vya kufunga, tope la pale linavua ndala. Haya, maswali; nimeona mkono wa mama kule nyuma tangu zamani.